Jina la kaka yake kukhu halijapewa mtoto yeyote tangu vita vya Burma. Nimpe mwanangu?

Shangazi, pokea salamu kutoka Bungoma.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, nimeoa, na mapema mwaka ujao tunatarajia mtoto wetu wa kwanza. Daktari ametuambia ni mvulana. Furaha hiyo imegeuka ugomvi, na anayegombaniwa ni mtu aliyefariki kabla baba yangu hajazaliwa.

Kukhu, mama mzazi wa baba, alizaliwa mwaka 1933. Alikuwa na kaka mmoja tu wa tumbo moja. Kijana huyo alitahiriwa Agosti 1940, na kabla hajaoa akaingia Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Wengine hapa nyumbani husema alijiandikisha mwenyewe kwa kupenda kofia na viatu. Wengine husema chifu alidaiwa vijana, akamtoa yeye kwa kuwa baba yake hakuwa na wa kumtetea. Kukhu hapendi tubishane juu ya hilo. Anachokumbuka yeye ni kwamba kaka yake aliwekwa kwa watu wa mizinga, kwamba alirudi likizo mara moja, na kwamba siku ya kuondoka alimbeba begani mpaka mtoni, akamshusha, akamwambia asivuke.

Ipo barua moja aliyotuma akiwa kambini, ya penseli, kwa Kiswahili. Ndani yake anauliza kama ng'ombe mwekundu amezaa. Anamwambia baba yake kwamba katika pesa atakazopokea kwa DC, mkuu wa wilaya, atoe za kumnunulia dada gauni. Gauni lilinunuliwa duka la Mhindi, la kijani. Kukhu alilivaa hadi likakataa kuingia, kisha akalikata likawa kitambaa cha kufunikia maziwa. Kitambaa chenyewe kimeshaisha zamani, lakini ukimuuliza rangi yake atakutafutia jani shambani akuonyeshe.

Mwaka 1944, watu wakiwa kwenye palizi, mzee wa mtaa alikuja na karani kutoka ofisi ya DC. Wakasema meli iliyokuwa ikiwapeleka Burma imezama. Baba yake kukhu aliuliza swali moja tu: nani ameuona mwili? Karani akasema hakuna. Basi mzee akasema bila mwili hakuna msiba, akarudi shambani. Hakuna aliyenyoa, hakuna ng'ombe aliyechinjwa, hakuna mzee aliyesimama kuwaliwaza watu. Ng'ombe wa ukoo wa yule mwekundu waliendelea kuhesabiwa kuwa mahari ya kijana. Mzee alikufa mwaka 1961 akiamini mwanawe ameshikwa na Wajapani na ipo siku watamwachilia.

Sasa Shangazi, kwetu Wabukusu jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa baadaye. Jina la huyu halijapewa mtu hadi leo. Baba yake alikataza, kwa sababu kulitoa ni kukubali kwamba amekufa. Ukoo mzima umezaa watoto, majina ya wazee wote yamezunguka na kurudi, hilo peke yake limebaki.

Mwezi wa nane kukhu alituita. Akasema anataka mgomba uzikwe kwa niaba ya kaka yake, jinsi inavyofanywa mwili usipopatikana, na mtoto wangu apewe jina lake, ili yeye afe akiwa ameliita.

Tangu siku hiyo hatulali. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, anasema hatazika mti kama mtu, huo ni ushirikina, na akienda yeye kanisa litamuuliza. Baba mkubwa aliye Nairobi anasema hakuna kufanya lolote hadi Waingereza walipe fidia, maana tukishazika tumesamehe. Binamu zangu wanauliza kwa nini tuchange pesa kwa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.

Na mke wangu amekataa kabisa. Yeye ni wa Nyeri. Ameniambia, "Sikuja kwenu kuzaa kaburi." Anaogopa. Anasema huyo kijana alikufa majini, hakuoa, hakuacha mtoto, hakuzikwa, sasa nataka mwanawe aifuate njia hiyo? Nikimweleza kwamba ni jina tu analia. Nikimpigia kukhu simu, swali la kwanza ni kama nimezungumza na wenzangu.

Picha yake tunayo. Ni ya studio, amevaa ile kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, miguu imeliwa na mchwa. Nyuma ya bahasha ya ile barua kuna namba ya jeshi. Nikiishika picha hiyo moyo unaniuma, na sijui ninamlilia nani, maana simjui. Je, nimpe mwanangu jina hilo? Na mtu aliyepotea miaka zaidi ya themanini anaweza kuombolezwa sasa?

Mjukuu, Bungoma.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, ndiyo, anaweza kuombolezwa. Na ningetaka ifanyike kukhu akiwa bado ana nguvu za kukaa kitini siku nzima na kuwasikiliza watu wakimtaja kaka yake.

Mmechanganya mambo mawili, msiba na jina, na ndiyo maana kila mtu ana lake la kukataa. Kwenu mtu huzikwa kwanza, halafu ndipo jina lake huitwa. Kukhu anaujua utaratibu huo kuliko nyinyi nyote, na ndiyo maana aliutaja mgomba kabla ya kumtaja mtoto. Ninyi mkarukia la mtoto. Mkeo ameombwa ampe mwanawe jina la mtu ambaye ukoo wenyewe haujakubali kwamba amekufa. Hata mimi ningeogopa.

Basi tumshughulikie kijana kwanza.

Umeniambia mambo matatu: alikuwa wa mizinga, meli ilizama ikielekea Burma, na habari zilifika nyumbani palizi ya mwaka 1944. Ukiyaweka pamoja yanaelekeza kwenye meli inayoitwa Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 katika msafara wa meli uliokuwa ukienda Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani mlikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana kutoka makoloni haya yetu, karibu elfu moja. Walikuwamo pia wanamaji, na wanawake wengi, wauguzi na wahudumu wa jeshi. Jumamosi tarehe 12 Februari, alasiri, wakiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa torpido mbili. Ilizama kwa dakika chache mno, wengi husema mbili. Waliokufa ni 1,297. Waliookolewa hawakufika mia mbili na ishirini.

Habari za vita wakati ule hazikutangazwa mara moja, kwa hiyo msiba wa Februari kufika Bungoma wakati wa palizi si ajabu. Hata hivyo, usiende kumwambia kukhu lolote kabla ya kuliona jina. Mama wa miaka tisini na zaidi asipewe matumaini halafu yakaondolewa.

Jina litafutwe hivi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayojulikana kwa herufi CWGC, ina tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta marehemu bila malipo. Anza na namba ya bahasha, maana namba haina matamshi. Ikishindikana tafuta kwa jina, na hapo uwe na subira. Makarani wa jeshi waliandika walichosikia. L ikawa R, b ikawa p au w, g ikawa k, na askari wetu wengi wameandikwa jina moja au mawili tu bila jina la ukoo. Jaribu jina lake la nyumbani, jina la baba yake, jina la ubatizo kama alikuwa nalo. Tarehe usiiachie: ukipata mtu wa mizinga ya Afrika Mashariki aliyefariki tarehe 12 Februari 1944 na namba ikalingana, umempata.

Na ukimpata, yuko Nairobi. Wengi hawajui hili na linaniumiza. Kando ya barabara ya Ngong kuna makaburi ya vita, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na mawe yaliyopangwa kwa mistari, na ndani yake kuna mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Umeandikwa majina ya wasio na kaburi, pamoja na askari wetu waliozama na Khedive Ismail. Baba mkubwa wako anaishi mji huohuo. Usichanganye mahali hapo na zile sanamu tatu za shaba za barabara ya Kenyatta. Zile ni za vita vya kwanza vya dunia, za askari na wapagazi, na hazina jina la mtu hata mmoja.

Kama hayumo kwenye orodha ya meli hiyo usikate tamaa. Meli zilizovuka salama zilipeleka maelfu ya vijana wa Keya Burma, wakapigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za mwaka 1944, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin Desemba ya mwaka huo. Waliokufa huko bila kaburi kujulikana wameandikwa Taukkyan, nje kidogo ya jiji la Yangon, pamoja na wengine takriban 27,000. Na kama hayupo popote, andika kwa tume hiyo, uwatumie picha ya bahasha na ya barua. Mwaka 2021 wenyewe walikiri hadharani kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa kwa majina kama Wazungu walivyoandikwa, au hawakuandikwa kabisa. Wakikuta ushahidi kwamba mtu ameachwa, wanamwongeza.

Sasa kuhusu kumwambia kukhu. Fikiria kwanza nini atauliza. Hatauliza habari za nyambizi. Atauliza kama kaka yake aliteseka, na kama alikuwa peke yake. Baba yake alikufa akimwona mwanawe kifungoni mwa Wajapani, na nadhani binti huyo amelala na picha hiyo maisha yake yote. Ukiliona jina una jibu la kweli la kumpa: hakushikwa na mtu. Meli ilizama kwa muda mfupi sana, akafa siku ileile, katikati ya vijana aliojifunza nao mizinga. Mwambie asubuhi, si usiku, na awepo mtu wa rika lake karibu.

Kuna jambo jingine ambalo wewe utalikuta ukisoma, na nimeona bora ulisikie kwangu. Baada ya meli kuzama, waliookoka walikuwa wakielea, na nyambizi ikajificha chini yao. Manowari za ulinzi zikaamua kuiwinda kabla haijazipiga meli nyingine zilizojaa watu, na mabomu ya kulipua chini ya maji yakarushwa mahali palepale walipokuwa wakiogelea. Baadhi ya watu walikufa kwa mabomu hayo. Nyambizi ilizamishwa jioni hiyo. Hili usimwambie kukhu. Akiuliza mwenyewe kwa maneno yake, usimdanganye. Lakini asipouliza, hakuna haja ya kumbebesha. Wewe na binamu zako mnapaswa kulijua. Wanaouliza kwa nini wamchangie mtu wasiyemwona, wasomee hadithi hiyo yote kwa sauti, halafu uwaonyeshe picha, na uwasomee barua mpaka pale kwenye gauni. Kijana wa umri wao, katika pesa chache za askari mweusi, alimkumbuka mtoto wa miaka kumi. Kama bado watasema hawamjui, waache.

Nije kwa baba mdogo. Mfuate nyumbani kwake, usimsubiri kikaoni ambako kuna watu na hawezi kurudi nyuma. Muulize anachokikataa hasa. Kama ni kuuombea mgomba, mwambie hakuna anayeuombea. Mgomba una uzito, unabebwa na watu wanne, unafungwa shuka, unashushwa, na mikono ya waliobaki inapata kazi ya kufanya. Majirani zenu Waluo huzika tunda la yago kwa sababu hiyohiyo. Kilio kinataka mahali pa kuelekea. Mzee wa kanisa anajua pia kwamba Ufunuo sura ya 20 inataja bahari ikiwatoa wafu waliokuwamo ndani yake, na makanisa yamewaombea waliozama tangu watu walipoanza kusafiri kwa meli. Mwombe yeye ndiye aisome sura hiyo siku hiyo. Ibada iwe yake, na jinsi ya kuuzika mgomba iachiwe wazee wanaojua. Akikubali ibada na akataka kukaa kando wakati wa mgomba, mkubalie hilo bila kumsema. Usikubali siku ipite bila yeye kabisa, maana kukhu ni mama yake, na atakapomzika mama huyo atajilaumu kwa kutokuwepo.

Kama mnaye mzee wa kuswala kumuse, yule wa mila anayesimama kuwaliwaza waliofiwa, mwiteni. Mlisema mwaka ule hakuna aliyesimama kuliwaza watu. Hilo ndilo deni kubwa kuliko ng'ombe. Awepo wa kuuambia ukoo kwa mdomo kwamba fulani mwana wa fulani amekufa, alikufa wapi, na walio hai waendelee kuishi.

Baba mkubwa ana hasira ya haki. Malipo ya kuwaachisha askari kazi baada ya vita yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapata sehemu ndogo ya alichopewa Mzungu wa cheo kilekile. Akitaka kuwaandikia Waingereza, aandike, na mwende naye. Lakini anakosea anaposema kuzika ni kusamehe. Watu huzika waliouawa na bado wakaenda mahakamani. Barua za serikali huchukua miaka, na kukhu hana miaka hiyo. Mpe kazi inayomfaa: yeye ndiye aliye Nairobi, aende barabara ya Ngong alitafute jina, apige picha, na kama kukhu anaweza kusafiri ampokee. Mtu mwenye hasira akipewa kazi ya kumheshimu marehemu hupungua maneno.

Kuhusu safari, uliza daktari wake kwanza. Bungoma hadi Nairobi ni siku nzima barabarani kwa mwili wa umri huo. Akiweza, nendeni siku ya kawaida, si ile Jumapili ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani, yenye sherehe, mabalozi na tarumbeta, ambapo hatapata nafasi ya kukaa na jina lake. Akiwa hawezi, picha kubwa iliyosafishwa vizuri inatosha, na mtu aliyefika pale amsimulie.

Sasa mkeo.

Umeniandikia kwamba ulimwambia "ni jina tu". Kwenu si jina tu, na kwao pia si jina tu. Huko Nyeri mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa mume. Mkeo alipoolewa pengine alijua tayari mwanawe wa kwanza ataitwa nani: baba yako. Je, kuna mtu aliyemuuliza? Au alisikia kutoka kwa watu wengine kwamba kikao kimekaa na mtoto aliye tumboni mwake ameshagawiwa? Anachokuambia ni kwamba naye ana mila, na mwili unaombeba mtoto ni wake. Usimshinde kwa hoja za ukoo. Kaa naye chini mwambie yote niliyokuandikia kuhusu meli, mwonyeshe barua, halafu nyamaza umsikilize.

Hofu yake kuhusu kijana aliyekufa vibaya usiicheke na usiigeuze kuwa kosa la watu wa kwao. Kwenu wenyewe wapo wazee ambao wangesita kumpa mtoto jina la asiyezikwa. Hofu hiyo huenda ikapungua marehemu akishalala, watu wakishamlilia, na mkeo akiwa amekaa mbele kama mke wa nyumba hiyo badala ya kusikia habari kwa simu. Mchukue aende kuliona jina ukutani kama hali yake inaruhusu. Ni kitu kimoja kuambiwa habari za mzimu wa majini, na ni kitu kingine kusoma jina la kijana wa miaka ishirini na kitu katikati ya majina ya wenzake mia kadhaa.

Huenda isipungue. Basi akikataa, jibu lake lisimame, na wewe ndiye wa kulibeba kwa kukhu, usimwachie mkeo alaumiwe. Watoto wa Kibukusu huwa na zaidi ya jina moja. Linaweza kuwa la pili au la tatu, la kuitwa nyumbani tu, lisionekane kwenye cheti cha kuzaliwa. Linaweza kwenda kwa mtoto wa binamu yako, maana ukoo wenu ni mkubwa na haukosi mjamzito. Ninavyomsoma kukhu, anataka kulisikia likiitwa uani na mtu akaitika. Sijasoma popote kwamba lazima awe wako. Ila usimdanganye kwamba mmemwita hivyo wakati hamkufanya. Atagundua.

Na kama mkeo atakubali, kuna sharti langu, na umwambie kukhu kwa upole kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto huyo asiambiwe kwamba ni yule kijana amerudi. Asikatazwe kuogelea kwa sababu ya mtu mwingine, asifanywe askari wala kuzuiwa kuwa askari, asitarajiwe kuwa na sura ya picha ile. Nimewaona watu wazima waliolelewa wakiitwa "baba" na bibi zao tangu utotoni, wengine walilipenda, wengine walikua wakihisi wanaishi siku za mtu mwingine. Apewe jina pamoja na hadithi yake yote, na ng'ombe mwekundu, na gauni la kijani. Kwingineko aachwe awe mtoto.

Unasema hujui unamlilia nani. Unamlilia kaka yake kukhu, na nadhani unamlilia na kukhu pia, msichana aliyeambiwa asivuke mto. Huhitaji kumjua mtu ili ukoo wako umkose.

Watu wenu wengi huwa nyumbani Desemba, na mtoto hajafika bado. Hapo pana nafasi. Wiki hii mpige picha bahasha pande zote mbili, barua yote, na picha ya studio, na nakala zihifadhiwe na watu watatu tofauti, maana mchwa hawangoji kikao. Jina litafutwe. Kisha baba mdogo, kisha baba mkubwa. Mkeo usimweke mwisho wa orodha hiyo, zungumza naye leo usiku kabla ya wote, na kama namba ya bahasha imekushinda kuisoma, niandikie tena uitume nikusaidie kuitafuta.